Maharage Niliyokula Mbele ya Wanafunzi

Mutanga Nord, Jumapili jioni

Konso mwanangu,

Mama yako yuko chumbani anakufungia sanduku kwa mara ya tatu. Kila akilifunga anakumbuka sweta nyingine, kwa sababu huko milimani unakokwenda kuna baridi, na yeye anaamini kwamba baridi ya huko inaua upesi kuliko vita. Basi mambo ya sweta, ya vidonge vya malaria, ya namna ya kuwajibu askari kwenye vizuizi, na ya kutokaa karibu na mlango wa gari msafara ukianza kupanda, yote hayo namwachia yeye. Atakuambia kesho asubuhi, atayarudia, na gari likiwaka atakimbia pembeni yake akiyarudia tena. Mvumilie. Ndivyo anavyolia yule mama.

Wala sitakufundisha kazi. Umekaa shuleni miaka mitatu kusomea chakula, unajua majina ya vitamini zote kwa Kifaransa, na Kifaransa changu mimi ni cha kusoma maandishi ya magunia. Mikono inawe, maji yachemke, chakula kifunikwe, majani mabichi yasikose sahanini hata siku moja, ndagala, wale dagaa wetu, waoshwe mchanga kabla hawajaingia mafutani. Haya uliyajua kabla hujajua kusoma, maana ulikuwa ukija jikoni kwangu kila Jumamosi na kuninyooshea kidole kama inspekta. Siku moja ulimfukuza mbwa wa direkta wa shule kwa mwiko wangu wa bugali, halafu ukanikataza kuutumia ule mwiko. Ulikuwa na miaka sita.

Ninakuandikia kwa sababu ya mtu mmoja. Kesho ukifika salama, wa kwanza kukupokea pale shuleni atakuwa mzee Salvatori, mtunza depo, yaani ghala la chakula. Wewe unamjua kama rafiki yangu wa zamani niliyefanya naye kazi hapa mjini, ndiye aliyetuma habari kwamba wanatafuta mtu wa kusimamia jiko la internati, bweni la wanafunzi wa huko. Ni kweli. Lakini sitaki umpe mkono kabla hujajua nilichomfanyia. Nitaiweka barua hii juu ya nguo zako. Isome njiani, kabla hujafika.

Inahusu ile hadithi ya maharage. Unaijua jinsi majirani wanavyoisimulia: watoto wa shule walianza kutapika, wakadhani wamewekewa sumu, wakataka kuuana, na mpishi Papa Konso akaketi katikati ya uwanja na kula sahani nzima mbele yao mpaka wakatulia. Nimekusikia ukiwasimulia wenzako. Nimekusikia ukimwambia mtawa yule, masera mkuu wa chuo chenu, kwamba ndiyo iliyokufanya uchague kazi hii. Nilikuwa nimekaa pale pembeni na kofia yangu mkononi, nikakuacha uendelee. Hadithi hiyo ina nusu ya pili. Mama yako haijui. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi nimeuficha huu miaka mingi mno.

Niruhusu kwanza nikueleze kwa nini niliipenda kazi hii, ili usije ukadhani nilikuwa mtu wa hovyo tangu mwanzo.

Nilipovuka mpaka kutoka Uvira nilikuwa na begi moja na mashati mawili. Shule moja ya hapa mjini ilinipa kazi ya kusugua sufuria. Mwezi mzima sikuona mtoto hata mmoja akila, nilikuwa nyuma na masizi yangu. Kisha siku moja mpishi aliyekuwepo aliumwa, nikaambiwa nisaidie kupeleka beseni za chakula refektwari, ule ukumbi wa kulia. Niliweka beseni ya mwisho mezani, nikageuka kutoka, na kengele ikalia. Watoto mia tatu wakainamisha vichwa kusali. Mia tatu, Konso. Nilisimama mlangoni nikiona visogo tu, vingine vimenyolewa vibaya, vingine vya wasichana wenye nywele fupi za shule. Kisha wakainua vichwa na kula. Hakuna aliyeuliza nani kapika. Hakuna aliyenusa. Walitia mdomoni kitu nilichokibeba mimi, mtu wasiyejua jina lake, wakakimeza, na kile kitu kikaenda kuwa damu yao na mifupa yao.

Nilishikwa na hofu, lakini hofu nzuri, ile inayomshika mtu akipewa mtoto mchanga wa mwenzake ambebe. Nilirudi kwenye sufuria nikazisugua upya zile nilizokwisha kusugua. Mpaka leo sijaizoea. Nimepika miaka mingi, na kila kengele ikilia bado ninasimama mlangoni.

Sasa twende kwenye ubaya.

Ulikuwa mwaka wa vikwazo, nchi jirani zimetufungia mipaka. Wewe ulikuwa darasa la tatu. Mafuta ya gari hayapatikani, chumvi inauzwa kwa kijiko, na usiku kucha tunasikia milio kutoka vilima vya juu ya mji. Shule yetu ilikuwa na watoto wa pande zote mbili, Wahutu na Watutsi, na direkta alikuwa mkaidi: kila meza watoto wanane, wamechanganywa, wanakula kutoka beseni moja. Watu walimwambia atajuta. Mimi si wa upande wowote, mimi wa ng'ambo, lakini nilipoona vijiko vinane vinaingia beseni moja katika mji ule, mwaka ule, niliona muujiza kila siku saa sita na nusu.

Maharage mekundu yanataka uwashe moto saa kumi alfajiri. Lakini kulikuwa na amri ya kutotoka nje, na kabla ya jua kuchomoza mtu haruhusiwi kuonekana barabarani. Basi nilikuwa nikifika saa kumi na mbili na nusu, nakimbizana na muda. Siku ile nilipofika nilimkuta mlinzi ananingoja langoni.

"Papa Konso, gari ya kuni aikukuya," akaniambia. "Kule mulimani banapiga masasi tangu jana. Utapika na nini?"

Zilibaki kuni za siku iliyopita, kama mikono minne, yaani mara nne ya kukumbatia. Salvatori alinifungulia depo, tukatoa magunia. Alichukua maharage kiganjani, akayachezesha, akatikisa kichwa. Alikuwa mtu wa maneno machache, mrefu, mwenye funguo kiunoni zilizolia alikokwenda. Tulikuwa tunataniana kila siku.

"Papa Konso, hii maharagi ni ya zamani sana," akasema. "Iko inaomba moto mingi. Leo ungepika bugali na sombe tu."

"We chunga funguo yako," nikamjibu. "Moto uniachie mi."

Alicheka, akaenda. Konso, alinionya. Andika hilo moyoni, kwa sababu mimi nililifuta.

Nilikuwa na ujanja nilioujua tangu kwa mama yangu. Unachuja maji kwenye majivu, unayatia kwenye maharage, nayo yanalainika upesi. Nikafanya hivyo. Kisha, ili kuni zitoshe, nikaweka moto mdogo tu chini ya sufuria zote tatu, nikazifunika kwa majani ya migomba na magunia juu yake, joto lisitoke. Yalikaa hivyo asubuhi nzima, yakifuka polepole bila kuchemka sawasawa. Nilijiona fundi. Nilimwambia kila aliyepita jikoni, tazama, mikono minne ya kuni, watu mia tatu.

Ilipofika saa sita na nusu hayakuwa tayari. Saa saba watoto wakaanza kupiga vijiko. Hujawahi kusikia sauti hiyo. Vijiko mia tatu juu ya meza za mbao, pa, pa, pa, pamoja, na wewe uko upande wa pili wa ukuta. Inaingia mpaka kwenye meno. Direkta akaja mlangoni, jasho linamtoka.

"Papa Konso, alors? Batoto bako na njaa. Upakue."

Nilichota maharage mawili matatu ya juu, nikayabonyeza kwa vidole. Yalibonyea. Wapishi tunapenda kufanya hivyo mbele ya watu, inaonekana ujuzi. Yale maji ya majivu, mwanangu, yanalainisha ganda, na kidole kinadanganyika. Sikutia hata moja mdomoni. Nikasema, "Yameiva." Nikapakua.

Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Nilikuwa nimeusikia msemo huo maisha yangu yote, na siku ile nilizichelea kelele za vijiko.

Ilikuwa kama saa tisa, watoto wako darasani, nikasikia kiti kinaanguka, kisha cha pili. Wa kwanza alitoka nje akiwa ameshika tumbo, akatapikia kwenye maua. Kisha darasa zima. Kisha uwanja ukajaa. Walitapika wakubwa na wadogo, wasichana na wavulana, wa upande huu na wa upande ule. Ungedhani kwa kuwa wote waliumwa wangejua ni kitu cha wote. Lakini hofu haihesabu hivyo. Mmoja alipiga kelele, "Sumu! Batutilia sumu!" na mara moja uwanja ukagawanyika mara mbili, wavulana wakubwa wakaanza kuokota mawe, kila upande ukiapa kwamba upande wa pili umejifanya tu kutapika.

"Chakula inatoka wapi?" mmoja akauliza.

"Mu depo!"

"Na funguo iko na nani?"

"Salvatori! Salvatori njo anafungua depo!"

Wa upande usio wake ndio waliomkamata. Walimburuta nyuma ya depo, karibu kabisa na dirisha la jiko langu.

Mimi nilikuwa ndani. Niliposikia neno sumu nilikimbilia sufuria, nikachota maharage ya chini kabisa, nikayatia mdomoni na kuuma. Ganda laini. Ndani unga, mkavu, mbichi, wenye ladha ya udongo. Nikajua papo hapo. Hakuna sumu iliyotoka kwa mtu yeyote. Ni mimi.

Na nje nikasikia fimbo, na sauti yake.

"Mi sijui kitu! Mi nilifungua mulango tu!" Kisha akaniita. "Papa Konso! Papa Konso, ubaambie!"

Konso, nilisimama na lile harage mdomoni. Nilikuwa na maneno matatu tu ya kusema, maharage yangu hayakuiva, na ningeweza kuyasemea pale pale dirishani. Sikuyasema. Nilisimama kwa muda ambao mama yako angeweza kumenya ndizi za mlo mmoja. Nimejiambia miaka yote kwamba niliogopa, kwamba wangenigeukia mimi, mtu wa ng'ambo asiye na ndugu hata mmoja pale. Ni kweli niliogopa. Lakini nikuambie ukweli wote, aibu ilikuja kabla ya hofu. Mpishi wa miaka kumi na moja kazini, aliyetamba asubuhi nzima na mikono yake minne ya kuni, amepakua maharage mabichi. Niliona aibu hiyo ni kubwa kuliko ngozi ya rafiki yangu. Aliniita mara nne. Mara ya tano hakuita.

Ndipo nilipotoka. Nilichota sahani iliyojaa, nikaenda katikati ya uwanja, kati ya mawe ya huku na mawe ya kule, nikakaa chini.

"Bana bangu, munitazame," nikasema. "Mi njo nilipika. Kama ni sumu, mi nikufe wa kwanza."

Nikala. Kijiko baada ya kijiko, sahani nzima. Mawe yalianguka moja moja. Mdogo mmoja akaanza kulia, kisha wengi, na walimu wakapata nafasi ya kuingia kati. Hakuuawa mtu siku ile. Hiyo ndiyo hadithi unayoijua, na sehemu hiyo ni ya kweli.

Lakini mtu anayekula kitu akijua hakitamuua, ushujaa wake ni upi? Nilijua kitaniuma tumbo nusu siku. Ulinikuta nyumbani nimejikunja kwenye mkeka, ukanishika mguu ukasema, "Papa amekula sumu badala ya batoto." Nilitaka kukwambia. Nikageukia ukutani.

Direkta aliponiuliza ni nini, nilisema huenda ni maji ya bomba. Watoto wote walipona kesho yake. Salvatori alipelekwa hospitali, kisha ndugu zake wakamchukua kilimani kwao, na watu wakabaki wakisema yeye ndiye aliyechafua maji. Sikwenda kumwona hospitali. Nilipika.

Baada ya siku chache alikuja masera wa zahanati. Alipima maji, akayaona safi. Akaja jikoni, akanitazama taratibu, akaniuliza nilipika vipi. Nikasema yalichemka kwa muda wa saa tatu nzima. Akasema, "Papa, maharagi nyekundu yenye aikuivika vizuri iko na sumu yake yenyewe. Na moto kidogo kidogo njo mubaya zaidi. Inapashwa ichemke kwa nguvu." Nikamjibu, "Najua, Masera." Ndiyo kwanza nilikuwa najifunza, na nilijifunza huku nikidanganya.

Utasema yaliishia hapo. Hapana. Tangu siku ile watoto hawakula tena beseni moja. Walikuja na mihogo mikavu na karanga kwenye masanduku, wakala bwenini, kila mmoja kitandani kwake, wakidhoofu mbele ya macho yangu, midomo imepasuka kwa kukosa mboga za majani. Unajua desturi ya hapa: mwenye nyumba akikupa pombe, anaonja yeye kwanza, ndipo anakukabidhi. Basi wakasema watakula tu ikiwa mpishi ataonja kila beseni. Meza thelathini na nane. Nikakubali. Kila mchana nilizunguka na kijiko changu, meza hadi meza, naonja, nasubiri wanitazame nikimeza, nasogea. Katika mwaka ambao mji mzima ulikonda, mimi nilinenepa. Majirani walinicheka, mama yako akanipanulia suruali.

Pale ndipo nilipojua kuuma. Kila siku, kabla ya kupakua, niliuma harage la juu, la katikati na la chini, kwa kila sufuria. Kuni zikiwa chache, sikupika maharage. Nilipika sombe, yale majani ya muhogo, au mchicha wa lenga-lenga tulioupanda nyuma ya jiko, na ndagala kidogo nilipowapata. Nilikwenda mwenyewe kumwambia direkta, "Leo maharage hayataiva." Mara ya kwanza ulimi ulikuwa mzito kama jiwe. Alinijibu tu, "Sawa." Konso, alisema sawa! Neno lile lile ningeweza kulipata siku ile.

Ilipita miezi, hata sijui mingapi. Siku moja nilifika meza ya kumi na mbili, nikainamisha kijiko. Kulikuwa na msichana mmoja, Alini, ambaye siku ya mawe alikuwa akipiga kelele kuliko wavulana. Akafunika beseni kwa mkono.

"Papa, we enda," akasema. "Unatumalizia chakula."

Meza yote ikacheka, wanane wote, wa huku na wa kule. Meza ya pili wakasikia, nao wakafunika. Nikasimama na kijiko kitupu katikati ya refektwari, wakaanza kula bila mimi, vijiko vinane katika beseni moja. Nilirudi jikoni nikakaa juu ya gunia nikalia kama mtoto. Vita vilikuwa bado vinaendelea huko nje. Hakuna mkutano wala hotuba iliyowaambia watoto wale waaminiane. Walikuwa na njaa, chakula kilikuwa kimeiva, wakasahau kuogopana. Mimi nimekwenda kanisani maisha yangu yote, na sijawahi kuona kitu kikubwa kuliko hicho. Nilikuwa na furaha, na ndani ya furaha nilijua kwamba wananiamini kwa sababu ya kitu ambacho hakikuwa cha kweli, na kwamba yule mwenye haki ya kuona siku ile hayupo.

Hayo ndiyo ninayokupa, sina zaidi. Utasimamia jiko katika nchi ambayo watu hawajaacha kuogopana. Siku moja gari la kuni halitafika, au maji yatakatika, au gunia litakuja na ukungu na mkubwa wako atakuambia osha tu, hawataona. Watapiga vijiko. Waache wapige. Njaa ya saa moja hupita. Na ukikosea, maana utakosea, wewe ni mwanangu, sema siku hiyo hiyo, kabla mtu mwingine hajaanza kuulizwa. Usingoje uwe na maneno mazuri. Maneno yangu mazuri niliyasema uwanjani, na watu wanayasifu mpaka leo. Maneno matatu mabaya ndiyo yaliyohitajika.

Sasa turudi kwa mzee Salvatori.

Ujumbe wake ulinifikia mwezi uliopita kwa mkono wa dereva wa lori. Wewe nilikuambia tu kwamba anakuitia kazi. Haya ndiyo yaliyoandikwa: "Papa Konso, hapa kwetu internati inatafuta mutu wa kuangalia jiko. Nasikia mutoto wako amemaliza masomo. Umutume, kama ulimufundisha kuuma maharagi mbele ya kupakua."

Nilikaa chini pale pale barabarani. Sikuwahi kumwambia mtu yeyote habari ya kuuma. Alijua, Konso. Alijua siku ile ile. Yeye ndiye aliyeyashika yale maharage kiganjani asubuhi na kuniambia yanataka moto mwingi, aliona kuni zangu, alikula sahani yake kama wengine. Walipokuwa wakimpiga alijua ni nani aliyekosea. Angesema tu, "Mulizeni mupishi, maharagi ni mabichi," wangemwacha na kunijia mimi. Dirisha lilikuwa wazi. Aliniita nimsemee, na aliponiona sisemi, akanyamaza. Alikuwa na kosa langu mdomoni muda wote huo na hakulitoa. Miaka yote nilidhani ninamficha siri, kumbe ni yeye aliyenifichia.

Na sasa anamwomba mtoto wangu.

Sielewi moyo wa namna hiyo umetengenezwa na nini. Nimeufikiria nikipika, nikiwa kitandani, nikiwa kanisani, na kila mara ninaishia kutikisa kichwa tu. Unakwenda kufanya kazi karibu na mtu mkubwa, mwanangu. Msalimie kwa mikono miwili.

Unaweza kunikasirikia. Utakuwa na barabara nzima ya kupanda mlima ukinikasirikia, na utakuwa na haki. Mimi nimechagua uijue hadithi yote hata ikiniondolea jina zuri nililokuwa nalo kwako, na halikuwa jina dogo, nilikuwa nalipenda sana.

Lakini nina ombi moja, ndilo lililofanya niandike badala ya kukuambia kwa mdomo. Mwandiko wa ule ujumbe haukuwa wake. Nilimwuliza dereva kwa nini hakuandika mwenyewe, maana alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wa direkta. Dereva akashangaa kwamba sijui. Akaniambia mzee yule haoni tena. Tangu zile fimbo za kichwa macho yalififia, yakazimika. Magunia anayatambua kwa kuyapapasa na kunusa, na hajawahi kukosea hata moja.

Kwa hiyo barua hii si yako peke yako. Jioni ya kwanza, mkiwa wawili tu, mwombe akae, umsomee. Isome kwa sauti, polepole, tangu mwanzo. Ukifika pale aliponiita kupitia dirisha, usiruke.

Papa yako